Maziwa ya Mkono wa Nashipae

Kwenye mnada, watu waliacha kumtazama ng'ombe wakamtazama Gadiel. Akikunja uso, mnunuzi anarudisha mkono mfukoni. Akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na jambo alilolifikiri zamani, biashara imekwisha. Alikuwa dalali tangu ujana wake na hakuwa na hila. Hata ng'ombe akiwa wa kwake mwenyewe, na chuchu moja imekufa, alikwambia, "Huyu chuchu hii haitoi. Ukimchukua, umemchukua hivyo hivyo." Kwa hiyo soko zima la Kwa Mrombo lilikuwa limekubaliana, bila kuitisha kikao, kwamba Gadiel hasemi kitu ambacho hakipo. Yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuliamini hilo.

Mke wake Nashipae aliuza maziwa mgando pale sokoni, kando ya bucha la Hans. Hayakuwa maziwa ya ndoo. Yalikuwa ya vibuyu, vile vinavyosafishwa kwa kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini. Kijiti kinachomwa mpaka ncha inakuwa kaa jekundu, kinaingizwa ndani ya kibuyu, kuta zinasuguliwa mpaka zinanukia moshi mtamu, kisha majivu yanafagiliwa na maziwa yanamwagwa humo yalale. Moshi ukipungua maziwa yanaharibika, ukizidi yanakuwa machungu. Kipimo chake kiko kwenye mkono wa mwanamke, na mkono wa Nashipae ulijulikana. Kuna watu walitoka kata ya Sokon I na vidumu vyao, wakapita maduka mengi yenye maziwa, wakaja kwake.

Mwezi wa saba, baridi ya mlima iliposhuka, vidole vya Nashipae vilivimba kwenye viungo vikawa kama tangawizi. Akaenda kupumzika kwa dada yake kule Nduruma, ambako kuna joto. Biashara akamwachia Vaileth, mke wa mtoto wao Lerionka. Lerionka mwenyewe ni dereva wa watalii, na msimu huo alikuwa porini, anapiga simu pale mtandao unapokubali.

Vaileth ni Mchaga wa Machame. Siku alipoingia bomani, Gadiel alimpa ndama jike, kama desturi ya Waarusha inavyotaka, na tangu siku hiyo wakawa wanaitana Paashe, jina wanaloitana watu waliopeana ndama. Mkwe mwenye adabu, mchapakazi, hilo Gadiel hakuwahi kulikataa. Lakini kibuyu? Watu wa migombani, wa mtori na mbege, kibuyu cha maziwa wamekijulia wapi? Aliwahi kulisema hilo wakati wa kula, kwa kucheka. Vaileth naye alicheka, akaendelea kuosha vyombo.

Siku ya kwanza Vaileth alipokaa sokoni peke yake, Gadiel alikuwa kwenye benchi la nje ya bucha pamoja na Efraimu fundi viatu. Akaletewa kikombe. Uso wake ulikuwa umeshajikunja kabla kikombe hakijafika mdomoni, ingawa hilo alikuja kulijua baadaye, wakati halimsaidii tena.

"Vipi, mzee?" Hans akauliza kutoka dirishani, kisu mkononi.

"Moshi umezidi."

Efraimu alikuwa amemaliza chake na anajipangusa masharubu. Akachungulia ndani ya kikombe kitupu. "Ndiyo maana. Nilikuwa najiuliza ni nini hiki kinanikwaruza kooni."

"Kinakukwaruza na umemaliza?" Hans akamwuliza.

"Nimemaliza kwa heshima ya mama Lerionka."

Hans akashuka, akaonja, akanusa, akaonja tena kwa kutafuta. Mtu anayetafuta hivyo hakosi. "Kweli bwana. Na uchachu wake wa haraka haraka. Mimi mwenyewe Mchaga, mzee, lakini maziwa ya kibuyu tuwaachie wenyewe."

Wakacheka. Vaileth alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, amewapa mgongo, anapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

"Simsemi mtu vibaya," Gadiel akasema, kwa sauti ile ile anayosemea ng'ombe. "Nasema kilichopo."

Basi maneno yakatoka pale benchini yakatembea. Mama mmoja wa genge, Sifael, ambaye kila asubuhi alituma kidumu chake, siku ya pili hakutuma. Mafundi wa gereji wakahamia kwenye chai. Vibuyu vikaanza kurudi nyumbani nusu, halafu vikarudi kama vilivyokwenda, na Vaileth akawa anayamwaga yaliyopita siku zake nyuma ya zizi, huku mbwa wakimsubiri.

Na Gadiel? Ni aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa: alifurahi. Hakuifurahia hasara, aliifurahia kauli yake. Kila kibuyu kilichorudi kimejaa kilimwambia kwamba jicho lake bado liko vizuri. Jirani yao alipoumwa tumbo, Gadiel alitikisa kichwa, maana alijua jirani huyo alikunywa maziwa yale. Jirani huyo alikuwa amekula pia kongoro lililolala bila kupashwa moto, lakini kongoro Gadiel hakuliweka kwenye hesabu. Siku moja wageni wa msibani waliopita barabarani walinunua vibuyu vyote wakasifu, wakaomba na namba ya simu. Vaileth alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kwa wepesi. Gadiel akasema, "Hao wametoka mbali. Hawajui maziwa." Kuanzia hapo akaacha hata kumwita Paashe. Hakukusudia. Jina lilikauka tu mdomoni.

Nashipae alirudi Ijumaa mchana, na njiani alikuwa ameshasimuliwa yaliyosemwa benchini. Akavua viatu mlangoni, akaona vibuyu vimening'inia vimejaa, akaona begi la Vaileth liko wazi kitandani.

"Unasafiri?"

"Jumatatu, mama. Naenda nyumbani Machame. Lerionka akitoka porini tutaongea huko huko." Hakuwa analia. Alikuwa anakunja kanga. "Maziwa hayatoki tena. Na mimi kukaa pale natazamwa kama nimeiba kitu, siwezi."

Nashipae alitungua kibuyu kwa viganja vyote viwili, akakiegemeza kifuani, akamimina kikombe, akanywa. Akanywa tena polepole. Kisha akakipeleka kikombe uani, alikokaa Gadiel anachonga mpini wa jembe.

"Onja."

"Nilishaonja. Moshi umezidi."

"Umezidi kuanzia lini?"

"Kuanzia ulivyoondoka."

"Na kabla sijaondoka?"

"Kabla ulikuwa mkono wako, mama Lerionka. Huo hauna mfano. Si hata Pasaka nilisema mbele ya wageni wote?"

Nashipae akakaa kwenye kigoda. Akatandaza mikono yake mapajani. Vidole vilikuwa vimepinda kila kimoja na upande wake.

"Pasaka mkono huu ulishindwa kufungua soda," akasema. "Wewe ulikuwa wapi? Tangu mvua za vuli za mwaka jana sijashika kijiti cha oloirien. Kinaniponyoka. Anayekamua ni Vaileth. Anayesugua kibuyu ni Vaileth. Nilimwonyesha kwa mdomo, akashika, akanipita. Kazi yangu ilikuwa kwenda sokoni na kukaa."

Gadiel aliweka panga chini. "Mbona hukusema?"

"Niseme kibuyu kimenishinda? Mimi? Niliona aibu. Nikamwomba anyamaze, akaniahidi. Hata ulipokuwa unamchinja pale sokoni alinyamaza, kwa sababu aliniahidi."

Mtu akibanwa hutafuta pa kutokea. Gadiel naye alitafuta. "Labda tangu uondoke amekuwa na haraka. Labda ameharibu siku hizi tu."

Nashipae alimwangalia vile anavyomwangalia mteja anayetaka kurudisha maziwa aliyokwisha kunywa nusu. Kisha akamsogezea kikombe.

Gadiel akanywa. Sasa alikuwa anajua yote, na kwa kuwa anajua, alitarajia ulimi wake utamrudishia maziwa ya Pasaka. Haukumrudishia. Alisikia moshi. Akanywa tena akiwa amefumba macho, akasikia moshi. Hapo ndipo jasho lilipomtoka, na hali jua lilikuwa la mwezi wa nane, halina nguvu. Maana kama moshi huu ulikuwepo leo, ulikuwepo na Pasaka, naye akausifu. Na kama Pasaka haukuwepo, basi leo haupo, na yeye anausikia. Kwa vyovyote vile, ule ulimi aliotembea nao maisha yake yote kama cheti ulikuwa hauonji maziwa. Ulikuwa unaonja jina la aliyeyatengeneza.

Akakumbuka Pasaka. Aliinua kikombe mbele ya mchungaji na mashemeji, akasema mkono wa Nashipae hauzeeki. Vaileth alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Alitabasamu, akasema, "Kweli, baba." Gadiel alitamani ardhi imfunike na panga lake na mpini wake.

"Nitamwomba msamaha," akasema. "Jioni, wakati wa kula."

"Kwani ulimsemea hapa wakati wa kula?"

Gadiel akaokota panga, akaliweka tena chini.

"Ulisemea sokoni. Kesho nitakwenda nikae kwenye kiti changu. Wewe kaa kwenye benchi lako. Useme mwenyewe, wakati wako mwenyewe. Mimi sitakusaidia."

Vaileth alikuwa amefika mlangoni. "Mama, yaishe. Mimi sidai kitu."

"Wewe hudai," Nashipae akasema. "Mimi nadai."

Jumamosi Kwa Mrombo kulijaa kama kawaida ya Jumamosi. Nashipae alikuwa hajakaa vizuri kwenye kiti, mikono ameifunika na kitenge, watu wakaanza kujaa.

"Mama Lerionka, umerudi. Tuliteseka."

"Shikamoo mama. Nimiminie kidumu kizima, na Jumatatu uniwekee kingine."

Efraimu aliacha kiatu cha mteja kikiwa na sindano ndani yake. Akanywa kikombe bila kupumua, akaomba cha pili, akakinywa kwa starehe, macho juu. "Unaona sasa," akawaambia waliokuwa karibu. "Haya ndiyo maziwa. Yanashuka yenyewe."

Hans naye alikunywa, akapiga ulimi. "Moshi uko pale pale unapotakiwa. Si zaidi, si pungufu. Mzee Gadiel, umelala vizuri leo, mwenye nyumba amerudi."

Na kifua cha Gadiel kikajaa. Ndiyo, hata siku hiyo. Mkewe anasifiwa, na kwa mazoea ya miaka mingi kifua kikajaa kabla akili haijafika. Akili ilipofika, akamwona Vaileth nyuma ya kiti cha Nashipae, amechuchumaa kwenye beseni, anaosha vikombe wanavyosifia watu.

Akajiambia, sema sasa. Halafu akajiambia, ngoja kibuyu hiki kiishe kwanza, maana kikiisha ni faida yake Vaileth. Kikaisha. Akajiambia, ngoja wapungue, si vizuri kumwaibisha Nashipae mbele ya umati. Hawakupungua, waliongezeka, kwa sababu watu wakiona foleni wanajipanga ndipo wanauliza kinauzwa nini. Kila sababu aliyoipata ilikuwa nzuri, na kila moja ilimwacha amekaa. Mwanamume aliyewaambia watu usoni kwamba ng'ombe wao ni wagonjwa, siku hiyo alikuwa anahesabu kwato za mbuzi waliochunwa dirishani kwa Hans.

Nashipae hakugeuka kumtazama. Vaileth ndiye aliyemtazama, mara moja tu, akiwa anakung'uta maji kwenye kikombe. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu ambaye begi lake limeshafungwa.

Gadiel akasimama.

"Jamani," akasema. Sauti ilitoka nyembamba, akakohoa. "Jamani, hayo maziwa hakutengeneza Nashipae. Ametengeneza Vaileth. Haya ya leo, na yale mliyoyakataa, na yale mliyokuwa mnayasifu tangu mwaka jana. Ni mkono mmoja. Mama Lerionka mikono yake haiwezi tena. Mimi nilikaa hapa nikawaambia moshi umezidi. Haukuzidi. Nilisema kitu ambacho hakipo."

Watu wakaacha kunywa. Kisha Efraimu akacheka, cheko la mtu anayemsaidia rafiki atoke shimoni. "Baba Lerionka, mkwe amekubana nyumbani, sema tu. Tunaelewa. Wote tuna wakwe."

"Sijabanwa."

"Basi huyo mama amekaa hapo kufanya nini?"

Nashipae akafunua kitenge. Akainua mikono watu wakaiona. Waliokuwa mbele wakatazama pembeni.

Hans alikuwa bado na kikombe mkononi, kimebaki nusu. Akakinusa. Gadiel alimwona akikinusa, akajua kinachokuja, akatamani kumziba mdomo.

"Mmh," Hans akasema. "Kumbe. Ndiyo maana nasikia kama kamoshi hivi, kwa mbali." Akakiweka kikombe juu ya jiwe, taratibu, bila ubaya wowote.

Yalikuwa maneno ya Gadiel, yametoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, na hayarudishiki. Nyuma ya foleni watu wawili watatu wakachomoka. Sifael wa genge akasema, akiangalia chini, "Mimi nilirudisha kidumu changu hata sijaonja. Nilisikia tu kwamba mzee amesema."

"Sasa mzee," kijana mmoja wa gereji akadakia, "na yule ng'ombe wangu uliyesema mapafu hayako sawa? Nikamuuza kwa hasara. Alikuwa mgonjwa kweli, au ni hivi hivi?"

Watu wakaguna. Gadiel alifungua mdomo ajibu kwamba ng'ombe ni jambo jingine, ng'ombe anawajua. Akaufunga. Alimkumbuka ng'ombe yule vizuri. Alikumbuka pia kwamba aliyemleta kijana huyo mnadani ni dalali ambaye yeye hakuwa akimpenda.

"Sijui," akasema. Lilikuwa neno geni kwake, na watu walilisikia.

Vaileth akainuka kutoka kwenye beseni. Akachukua kikombe kisafi, akamimina, akaja nacho mbele ya benchi, akakitoa kwa mikono miwili na goti limekunjwa kidogo, kama anavyopewa baba mkwe.

"Karibu, baba."

Soko lilikuwa linamtazama. Halikutazama kikombe, lilitazama uso wake, vile lilivyokuwa likifanya siku zote kwenye mnada, na kwa mara ya kwanza Gadiel aliusikia uso wake ulivyo mzito. Akanywa. Moshi ulikuwepo. Ulimi wake haukuwa umetubu bado, na pengine hautatubu. Akalegeza nyusi kwa kuzilazimisha, akanywa mpaka chini. Alijua kwamba anachokifanya ni mchezo ule ule aliomharibia nao Vaileth, anawaonyesha watu uso ili wajue waonje nini. Hakuwa na kingine cha kuwapa.

Hakusema ni mazuri. Sifa zake hazikuwa na bei tena hapo. Akanyoosha kikombe.

"Niongeze, Paashe."

Vaileth akakitazama kikombe, akamtazama na yeye.

"Cha pili kinalipiwa, Paashe," akasema.

Mtu akacheka, na wengine wakafuata, na katika cheko hilo Gadiel alipapasa mfuko wa koti, akalipa kama mteja yeyote. Sifael akasogeza kidumu chake mbele. Efraimu akasema basi na mimi niongeze, nimechoka kufikiri. Hans alirudi kwenye nyama zake. Kile kikombe chake nusu kilibaki juu ya jiwe mpaka nzi wakakigundua.

Jioni vibuyu havikurudi vitupu vyote. Kimoja kilirudi kimejaa, na Gadiel ndiye aliyekibeba njia nzima. Hakuna aliyezungumza habari za Jumatatu. Begi lilikuwa bado kitandani, na yeye hakuwa na ujasiri wa kuuliza.

Jumatatu alfajiri aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akakaa kitandani anasikiliza. Alikuwa anasubiri kusikia geti, na sauti ya pikipiki ya kumpeleka mtu stendi. Kukawa kimya. Halafu, kupitia upenyo wa dirisha, ukaingia moshi wa oloirien, na baada yake mkwaruzo wa kijiti ndani ya kibuyu, taratibu, kuzunguka na kuzunguka.

Ilikuwa zamu yake kupeleka majani zizini. Ili afike zizini ilimpasa apite jikoni, pale alipokaa Vaileth na kijiti chake. Gadiel alivaa kiatu kimoja. Cha pili akabaki nacho mkononi, mpaka Nashipae akamwuliza kutoka upande wa ukutani wa kitanda kama amepoteza kitu.